Baiskeli, Mwambie Baba

Tunduma,
3 Septemba 2008

Mpendwa dada Tumpe,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Morogoro, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti lililokusumbua masika yote sasa limetulia. Ukitaka kujua yetu, sisi ni wazima. Ikupa yuko bweni na amenituma nikuamkie. Upepo wa Tunduma na vumbi lake ndivyo vinavyotutesa, ila hivyo ni wenyeji kuliko sisi.

Barua yako Watson wa basi aliniletea mpaka mlangoni. Uliniuliza kama ni kweli mume wangu Osea amenunua nyumba yenye magurudumu, halafu chini ukapigia mstari: nisithubutu kupanda humo na baba mkwe. Dada, nilisoma mstari ule mara tatu nikacheka, halafu nikalia. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu ya hapa kwetu ina masikio ya mtaa mzima. Tulia, weka chai pembeni, nikueleze yote. Lipo neno moja alilokuwa nalo mzee juu yangu, ambalo angelitoa kwa mwanawe nyumba yangu ingekwisha. Neno hilo nitakuambia kabla sijafunga barua, na tafadhali usiruke mistari kulitafuta, nakujua.

Nyumba yenye magurudumu ni kweli. Mwezi wa sita walikuja Makaburu wawili, mume na mke, wazee kuliko baba yetu, na gari lao lenye vitanda, jiko la gesi na karai la kuoshea vyombo. Gia boksi ilikufa hatua chache baada ya mpaka. Wakakaa wiki tatu uani kwa Osea wakisubiri kipuri, wakala ugali wangu mpaka yule mama akajifunza kusonga. Mwishowe walichoka, wakamwachia Osea gari kwa bei ya chuma chakavu, pamoja na baiskeli mbili za gia, za kupandia milima, zilizoning'inizwa nyuma. Masudi, yule Mtanga mwenye malori, ndiye aliyehangaika na watu wa forodha. Osea akalifufua gari kwa vipuri vya magari matatu tofauti. Likiwaka linakohoa, lakini linakwenda.

Hapo ndipo mipango ilipoanza. Tangu mama mkwe atutoke mwaka jana, baba mkwe, mzee Sadoki, amekuwa mtu wa kukaa barazani na kofia yake, haulizi habari wala hataki redio. Siku alipoziona zile baiskeli alisimama. Osea anasema alizipapasa gia kama anayekagua meno ya ng'ombe, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Alisema enzi zake za ubwana shamba alikuwa akizungukia kahawa ya Itaka yote kwa baiskeli, na kila mwaka lazima ashuke mteremko wa kwenda Kamsamba mara moja, asikanyage pedali mpaka aone mpunga. Akasema angependa kuushuka tena kabla ya kumfuata mkewe.

Basi mume wangu akapata kichaa. Kila jioni ni ramani juu ya meza. Watatoka Jumamosi, wapite Vwawa kununua mafuta na mchele, walale Itaka kwa mzee Kasiani aliyewahi kufanya kazi na baba mkwe, siku ya pili waufikie mteremko, siku ya tatu wawe Kamsamba kwenye joto na samaki. Masudi akashona hema kwa turubai la lori. Akauliza mimi nitakaa kiti gani. Osea akamweleza kwamba sisi Wandali mke wa mtu na baba mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawasemeshani, sembuse kulala gari moja. Masudi alishika kichwa. Akasema kwao Lushoto mkwe ni baba na wanakula sinia moja, na kwamba mila yetu hii ilitungwa kabla ya gari, ndiyo maana haienei ndani.

Ikaamuliwa nibaki. Hakuna aliyeniuliza. Wewe unayajua haya, dada, lakini wewe mkwe wako alifariki kabla hujaolewa, hujayaishi. Miaka kumi na minne naishi ua mmoja na mzee yule, sijawahi kuuona uso wake vizuri. Namjua kwa kikohozi, kwa kofia na kwa visigino. Nikisikia kikohozi navuta kitenge kichwani nakata kona, naye akisikia ndara zangu anageukia ukuta. Mama mkwe alipokuwa hai ndiye aliyekuwa daraja letu: alipeleka sahani, akarudisha salamu. Alipokufa, daraja likawa Osea, na Osea ni mtu wa safari.

Nami sikutaka wawili wale waende peke yao. Siku nne garini baba na mwana, watazungumza nini kama si ya nyumbani? Lile neno lingetoka tu, kama si Itaka basi Kamsamba. Nikawa nashona mapazia ya gari lile huku najichoma sindano vidole.

Jumanne ya wiki iliyopita Osea alikuwa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kutafuta mkanda wa feni. Mimi nikaingia garini kupima pazia la mwisho. Mara kikohozi, hicho hapo, mlangoni! Na gari lile, dada, lina mlango mmoja. Mtu mwenye akili angepiga kelele kwamba yumo ndani. Mkamwana wa Kindali hapigi kelele. Chini ya kitanda kuna sanduku refu la kuwekea blanketi. Nikafungua kifuniko, nikajitia humo mwili mzima na uzito wangu huu unaoujua, nikajifunika.

Mzee akaingia. Nilimsikia akipapasa ukuta, akapapasa jiko, akajigonga kichwa kwenye kabati, akapapasa tena. Nikajiuliza mbona mchana kweupe anapapasa hivi. Halafu akaja kukaa juu ya kitanda, yaani juu yangu mimi. Sanduku lilikuwa na harufu ya dawa ya nondo. Chafya ikanipanda nikaiuma. Nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi, nikiomba Mungu ama amwondoe yeye ama anichukue mimi.

Akainuka. Nikamsikia akishuka, akaegemeza baiskeli moja kwenye gari, akakaa kwenye kidaraja cha mlangoni. Halafu akasema, taratibu tu, kama mtu anayezungumza na mnyama wake:

"Baiskeli, mwambie mwenye kitenge chekundu atoke kwenye sanduku, atakosa pumzi. Mimi nimegeuka."

Pindo la kitenge changu, dada, lilikuwa limebanwa na kifuniko, linaning'inia nje kama ulimi.

Nikatoka. Ningefanya nini? Nikajifunika kichwa, nikakaa pembe ya mbali nikitazama karai. Yeye alitazama nje, mgongo kwangu, mkono juu ya usukani wa baiskeli. Akaiambia baiskeli kwamba jicho lake la kushoto limezima, na la kulia linaona vitu vyekundu na vyeupe tu. Akasema Osea hajui, kwa sababu akijua atazifungia baiskeli stoo. Akasema anaogopa ule mteremko, na bado anautaka. Kisha akaiambia kwamba kama angepata mtu wa kutangulia mbele yake, aliyevaa kitu chekundu, angemfuata huyo mpaka chini. Mtu wa mbele hageuki nyuma. Hamwoni wa nyuma uso. Hapo mila imevunjwa wapi?

Dada, mimi na wewe tulijifunza baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, unakumbuka, mpaka ukang'oka jino. Sikujua kwamba elimu ile ingekuja kunidai. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe, ambayo mzee yule hakuwahi kuisikia ikimwelekea kwa miaka kumi na minne:

"Baiskeli, mwambie baba nitatangulia. Lakini kwanza yeye amwambie Osea habari ya jicho, leo hii, la sivyo siendi."

Akakohoa. Akaiambia baiskeli kwamba huyu mwanamke ana masharti kama ya benki. Nikajua amekubali.

Sasa lile neno. Mdomo ukishafunguka haufungiki, nikaona nilitoe hapohapo, na wewe nakupa kama nilivyompa yeye. Mwezi wa nne Osea alikwama Ndola siku tisa na lori la Masudi. Mvua, Ikupa bweni, mimi na mzee peke yetu uani. Nilikuwa naweka sahani kwenye kigoda barazani kwake, nagonga mlango mara tatu, nakimbia. Naye kwa adabu anasubiri mpaka asikie mlango wangu umefungwa ndipo afungue wake. Siku ya tatu nikachungulia dirishani nikaona mbwa wa jirani amepanda kigoda anakula wali wa mzee. Kumbe ndivyo ilivyokuwa tangu siku ya kwanza! Kupiga kelele ni kumsemesha mkwe. Kusimama kulinda sahani ni kukutana naye. Kumwita jirani ni kutangaza mtaani kwamba kwa Osea mzee analala njaa. Nikaona aibu, Tumpe. Nikanyamaza. Kila siku nikaweka sahani, nikagonga, nikakimbia, nikijua nani anakula. Siku sita nzima. Mzee aliishi kwa ndizi na chai ya kujichemshia. Osea aliporudi akamkuta baba yake mifupa mitupu, akauliza, na mzee akasema ilikuwa homa. Nami nikasimama pale jikoni nikamwacha mume wangu aende kununua dawa za homa.

Haya yote niliiambia baiskeli nikilia. Nikamsikia mzee akizungusha pedali kwa mkono. Kisha akasema:

"Baiskeli, mwambie nilimwona mbwa akinenepa. Mwambie na mimi nilikuwa na mdomo, ningeweza kusema nina njaa, nikaogopa kama yeye. Kosa tumegawana. Mwambie mwanangu asiloweshe godoro jipya la Osea."

Mwanangu, dada. Nimeolewa humu miaka kumi na minne.

Jioni ile akamwambia Osea habari ya jicho. Osea alinuna chakula kizima, kisha akachukua kalamu akapanga upya. Mteremko tutaushuka nusu tu, ile ya chini yenye barabara pana, mimi mbele, mzee katikati, gari nyuma na honi yake. Wanaume watalala garini, mimi Itaka nitalala na mke wa mzee Kasiani na Kamsamba nitakuwa kwenye turubai la Masudi. Tukirudi, mzee anapelekwa Mbeya kwa daktari wa macho. Ya mbwa pia nilimweleza Osea usiku uleule, mwenyewe, kwa mdomo wangu. Aliniuliza kwa nini sikumwambia, na siku mbili hakunitania. Ya tatu akaniuliza kama mbwa yule naye tumchukue safari, kwa kuwa amekula kwetu sana. Nikajua yamekwisha. Nimelala, dada, usingizi wa tangu mwezi wa nne.

Kila alfajiri najifunza zile gia barabara ya makaburini, suruali ya Osea chini ya kitenge. Wanawake wa sokoni wananicheka, na mimi nawapungia mkono mmoja wazione breki zangu. Usinikasirikie. Mila sijaitupa, bado sijauona uso wake. Nimeisogeza tu kidogo tupate kupita.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, mfikishie salamu mama Atu wa kanisani kwenu. Utuombee Jumamosi, hasa breki. Nilikuwa na mengine ya kukuandikia, lakini mzee aling'oa kengele ya baiskeli yake ya zamani, akaipigilia kwenye nguzo ya baraza. Nikiweka sahani napiga mara moja, nasimama nyuma ya ukuta na fimbo mpaka mlango ufunguke. Akishiba anapiga yeye mara mbili. Imelia sasa hivi, mara mbili. Naenda kuchukua sahani.

Ni mimi mdogo wako,
Atuganile (Mama Ikupa)