Kiti Kilichogeuka Ngazi

Kalemie, 14 Juni 1982

Mpendwa mwanangu Bertille,

Habari za huko Likasi? Mguu wa mume wako Urbain umepona? Mimi moyo umechoka. Daktari hanifichi, nami sitaki tena kukuficha. Kwa miaka ishirini na mitano nimenyamazia jambo moja juu ya baba yako, marehemu kaka yangu Édouard.

Umeniandikia kwamba umemkatalia mwanao Kizito kujifunza useremala, kwa kuwa babu yake alikuwa fundi mzembe. Nisikilize kwanza.

Zamani huko Ulaya, wenye vitabu vingi waliagiza kiti ambacho ukikipindua kinakuwa ngazi ya kufikia rafu za juu. Vya kwanza vilishikwa kwa vigingi vya mbao. Baadaye mafundi wakaweka bawaba za shaba. Mwaka 1957, mji huu ukiitwa bado Albertville, niliona mchoro wake katika kitabu cha misheni nikaunakili. Baba yako akakitengeneza kwa mbao za mninga katika karakana ya misheni.

Hakuridhika. Alipokipanda kilitikisika, akaongeza kulabu ya chuma ili zile nusu mbili za kiti zisijikunje.

Nilimcheka. "Kaka, hiyo haimo kwenye karatasi!"

"Salomon," akanijibu, "karatasi haianguki. Muntu njo anaanguka."

Siku ya kukikabidhi, padri mzee wa misheni alikipanda kuchukua kitabu. Kiti kikajikunja chini yake, akavunjika nyonga. Walipokitazama, kulabu haikuwapo. Baba yako akafukuzwa karakanani, akahamia Kiambi kuvua samaki katika mto Luvua. Hakushika randa tena hadi kufa. Alipokuja kuniaga kabla ya kuhama, aliniomba radhi, eti ameaibisha mchoro wangu. "Labda sikuikaza kulabu vizuri," alisema.

Nikamjibu, "Si neno, kaka."

Salamu nazituma hapa, maana nikishaandika yanayofuata sitakuwa na uso wa kumsalimu mtu. Nisalimie Urbain, mwanao Henriette na wadogo zake. Mama yako Lucie umsomee barua hii yote, polepole. Mungu awafunike kwa rehema yake, na Kizito amjalie mkono wa babu yake.

Asubuhi ile, kabla padri hajafika, niliingia karakanani peke yangu. Chuma kile cheusi kilinichukiza. Niliona kinaharibu umbo la kiti changu. Baba yako alikuwa ameikaza kulabu sana, hata bisibisi ikanichubua kiganja. Niliing'oa mimi.

Akupendaye bila kustahili,
Baba yako mdogo, Salomon