Bertin amemuua Evodie mchezoni

Princesse, uko wapi? Bertin amemuua Evodie! Ni ndani ya mchezo wa simu, lakini amemuua!

Unajua michezo ya mtandaoni: tangu zamani silaha ya mwenzako wa kundi haikudhuru. Huu mpya umevunja hiyo sheria. Evodie alikuwa anamuponya Bertin, muchumba wake mwenyewe! Bertin akageuka, akamuchoma mgongoni, akabeba vitu vyake vyote. Vyote!

Evodie akamupigia simu. "Bertin, kwa nini?"

Bwana anacheka! "Mchezo unaruhusu, mama."

Anacheka, Princesse!

Evodie akamujibu: "Unaruhusu, ndiyo. Lakini haukukutuma." Akakata.

Sasa amenipa pete ya uchumba niirudishe kwao Bertin. Niko njiani, na sitasalimia muntu.