Taa Iliyokaa Upande

Sidi, acha hayo unayofanya usome hii. Kache analia hapa maabara.

Unakumbuka juzi alivyotutambia kuwa amebadilisha balbu ya hadubini ya TB peke yake? Balbu iliwaka, akaridhika. Hakuweka karatasi nyeupe chini ya lenzi kutazama kama mwanga umekaa katikati.

Mwanga ulikuwa umekaa upande, shoga. UPANDE! Na vijidudu vya TB visipopata mwanga huo having'ai, huvioni kabisa.

Leo Gerishom, fundi wetu, ameinyoosha ile taa. Kache akarudia kupima vioo vya makohozi ya juzi, kimoja baada ya kingine. Kimoja kikajaa vijiti vya manjano vinavyong'aa. Akasoma jina. Akalisoma tena. Mamake!

Na juzi ni yeye mwenyewe aliyempigia kule Kinango: "Mama, huna TB, ni kikohozi tu."

Sasa hivi amempigia tena. "Shikamoo mama..." Hata hakumaliza.

Mama akanong'ona huku akikohoa: "Marahaba. Zungumza polepole, mwanao amenilalia kifuani."