Gari Lisilo na Mnunuzi

Mwanangu wa kwanza,

Nakusalimu wewe, na mgongo wako nausalimia peke yake, maana najua ndio unaobeba kazi. Yule bibi kizee unayemwogesha huko bado anakutemea uji? Mwambie mama yako mzazi yupo, ni mzee kama yeye, na hajawahi kumtemea mtu. Unakula? Unalala? Usinijibu kwamba unalala wakati sauti yako kwenye simu inakwaruza kama mlango wa zizi. Watu wakiandika barua huanza kwa kusema huku sisi ni wazima. Mimi nakuandikia kwamba tunapumua. Mengine utayaona ukisoma mpaka chini, na usiruke.

Mwandiko wangu usiucheke. Shule niliiacha mapema, na hizi herufi zinalala chali kwa sababu hakuna aliyekuja kuzisimamisha. Sikutaka kukupigia, kwa kuwa simu ya nyumbani inakaa mkononi mwa mtu ambaye sitaki asikie haya. Barua anakuletea mke wa muuza mbao, anakuja huko kumwona dada yake. Usimuulize habari za nyumbani. Yule ukimpa habari ya kuku anafikisha ya ng'ombe.

Unajua kwamba pikapu iliibiwa na kwamba mdogo wako Kitinda aliumizwa kidogo. Hilo neno kidogo alilitia yeye, si mimi. Walimsimamisha kwenye kona ya machimbo ya kokoto, pale gari linapolazimika kutambaa. Wakamwambia alale kifudifudi mtaroni, wakampiga nondo mkononi na sikioni, wakayamwaga maziwa yote barabarani ili gari liwe jepesi, wakaondoka nalo. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walidhani amekufa, kwa sababu mbwa walikuwa wanalamba maziwa pembeni ya kichwa chake naye hawafukuzi.

Mkono umeungwa. Sikio la kushoto halisikii tena. Lakini si hayo yanayonimaliza. Kila alfajiri anaamka wakati ule ule wa kupeleka maziwa, anavaa mabuti yake ya mpira, anasimama mlangoni. Halafu anayavua, anarudi kitandani kuutazama ukuta. Majuzi jirani alimwomba akae tu kwenye usukani wa gari lake wakati wao wanalisukuma. Alitetemeka mpaka akajikojolea, mtu mzima na ndevu zake. Suruali niliifua mimi bila kusema neno, na wewe siku ukija usiseme neno.

Sasa nikuchape kidogo. Ile pikapu uliichagua wewe. Ulituma picha zake, ukatuambia hiyo ndiyo kila mtu anaitaka, spea zake zinauzwa mpaka kwenye maduka ya sukari, na siku tukitaka kuiuza tutapata mteja kabla chai haijapoa. Nikakusifu kwa majirani mpaka wakanichoka. Kweli, mama, kila mtu aliitaka. Imeuzwa kabla chai haijapoa, ila wauzaji hatukuwa sisi. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu, kwa nini niseme uongo? Nakulaumu kidogo, na ukifika ukurasa wa pili nitakuwa nimeshamaliza.

Shida ni kwamba ng'ombe hawajui kama gari limeibiwa. Wanakamuliwa asubuhi, wanajaza madebe, na madebe yanakaa uani yakisubiri mtu asiyekuja. Wiki zote hizi nimegawa maziwa mpaka ndama wameharisha. Wenzetu wa kilimani, ambao maziwa yao tulikuwa tunayapitia njiani, wamejaribu kuyapeleka kwa miguu, jua likawawahi. Yule mjane mwenye ng'ombe mmoja alifika kituo cha kupozea maziwa akiwa amejitwika debe lake, karani akaonja, akatema, akasema yamechacha, akayamwaga mbele yake. Alipopita kwetu akirudi, hakunisalimia. Aliniwekea debe tupu mlangoni, akaenda zake. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliingia ndani nikajifunika khanga kichwani.

Karani huyo huyo ametuma neno kwamba mwezi ukiisha bila sisi kuwa na gari, njia yetu ya kukusanya maziwa anampa shemeji wa muuza nyama. Tukiipoteza njia hairudi, unajua. Nyumba hii yote inakula kwa ile njia, tangu baba yako akiwa hai. Tukiikosa, nitauza ng'ombe mmoja mmoja, na nikimaliza ng'ombe nitaanza kuyatazama mabati.

Kwa hiyo nimekuwa nikitafuta gari, na gari lililopo la kufikiwa na mtu kama mimi ni moja tu. Ni la mpima ardhi mstaafu, yule anayekaa nyuma ya posta. Ni pikapu, lakini usiifikirie ile yetu. Hili ni pikapu la mabavu. Boneti linanifika kifuani. Huko nyuma pangelala familia nzima na mgeni wao. Mbele wanakaa watatu wanene bila kugusana, na mimi kuingia nilipandia ndoo. Ni la kampuni ambayo huku hakuna anayeijua, na aliyelileta hakuleta jingine. Mpima ardhi ameandika kwenye kioo kwa rangi nyeupe kwamba linauzwa, na maandishi yamekaa juani mpaka yamekuwa ya njano. Watoto wa mtaa wanacheza kombolela nyuma yake. Kuku ametagia chini yake. Hakuna aliyewahi kuuliza bei zaidi ya kuulizia kwa mzaha.

Nilipoanza kulizungukia, mtaa mzima ulipata kichekesho. Muuza nyama alisema nikilipitisha kwake atalipima kwa kilo. Mke wa muuza mbao, huyo huyo aliyekuletea barua, aliniuliza kama nimepata mume mpya mwenye meli. Nikamwambia nikimpata nitamtafutia na yeye, kwa maana wa kwake naona mbao zimemzidi.

Nilimpeleka fundi alitazame. Alilala chini yake, akatoka, akazunguka, akatikisa kichwa kama mganga aliyechelewa kuitwa. Akasema bibi, hilo si gari, hilo ni nyumba ya kupanga. Akasema linakunywa mafuta kama mlevi siku ya mshahara. Akasema likiharibika kitu kikubwa, spea itaagizwa mbali, na tutaisubiri mpaka tuote nyasi. Kona za vichochoro haligeuki, lazima lirudi nyuma mara mbili. Na la mwisho, siku nikichoka nalo, sitampata wa kuniondolea hata nikimlipa yeye.

Yote hayo nimeyasikia. Usije ukaniandikia ukurasa mzima wa habari za spea kana kwamba mimi ni mtoto. Nimeyapima. Mafuta linakunywa, kweli, lakini linabeba madebe yote ya kilimani kwa safari moja, ile yetu ilikuwa inakwenda mara mbili. Injini ni nzima, fundi mwenyewe alikubali kwa kununa. Chuma chake ni cha zamani, nimekigonga kwa ngumi, kimeniumiza. Hapo moyo ukawa katikati, haukubali na haukatai.

Ndipo nikamuuliza fundi swali langu. Tangu aanze kushika spana, ameshawahi kuletewa gari la aina hii la wizi? Hata mlango wake? Hata taa? Akacheka mpaka akashika boneti. Akasema, bibi, nani aibe hilo? Akamuuzie nani? Mwizi atahangaika nalo mpaka alirudishe mwenyewe na kuomba msamaha. Akaendelea kucheka, halafu akanitazama usoni, akaacha. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akasema taratibu kwamba amenielewa, na kwamba klachi bado ni nzuri.

Wewe ulinitafutia gari ambalo kila mtu analitaka. Mimi nimetafuta ambalo hakuna anayelitaka, na ndilo hilo. Mpima ardhi amekubali nimpe ng'ombe wawili, yule mwenye baka na mama yake. Amehamia kwenye kilimo, anataka mifugo, na nadhani alikuwa tayari kunikumbatia. Ng'ombe wameshakwenda. Niliwasindikiza mpaka kwenye zizi lake, na yule mwenye baka alikuwa anageuka kunitazama kila hatua, mnyama mjinga, kama aliyesahau kitu.

Nilirudi na ufunguo, nikaenda kumwonyesha Kitinda. Nilikaa kitandani kwake, upande wa sikio linalosikia, nikamweleza yote. Nikamwambia sasa hakuna mtu atakayemsimamisha mwenzake kwa ajili ya gari, kwa maana gari lenyewe halina soko. Nilijiona nina akili kweli kweli. Halafu, bila kugeuka kutoka ukutani, akasema mama, hawakuniuliza ni gari gani. Waliniambia lala.

Mwanangu, toka siku hiyo neno hilo linatembea ndani ya nyumba. Nikichuja maziwa lipo. Nikifunga mlango lipo. Nimejibizana nalo kwamba wale walikuwa wameshaiona ile pikapu mapema, walikuwa wameifuatilia, wezi nao wana hesabu zao. Labda. Na labda kwenye ile kona, kukiwa na ukungu, taa ni taa tu, na watashangaa gari walilopata baada ya kumaliza kupiga. Sijui. Nimezeeka nikidhani mambo ya dunia nayajua, na hili silijui.

Umekuwa ukijiuliza dereva ni nani. Nimelizunguka neno hilo karatasi nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaa chini kwanza, kama bibi yule anakuita mwache aite.

Dereva ni mwanao. Chiriku hayuko chuoni. Alikuja kumwona mjomba wake hospitali, na hakurudi. Vitabu vyake viko chini ya kitanda changu, vimefungwa kwenye shuka. Ukimpigia akikuambia yuko bwenini, amesimama bafuni kwetu na mlango ameufunga ili usisikie ng'ombe. Ile siku ulisikia ndama akilia, akakuambia wenzake wanaangalia filamu, mimi nilikuwa nje nimemziba ndama mdomo. Kwa hiyo usimgombeze peke yake. Uongo tumeusema wawili.

Kuendesha alifundishwa na Kitinda kwenye likizo, kwenye njia hii hii, na leseni anayo, ulimpongeza mwenyewe alipoipata. Alipotaka kuanza, nilikataa. Nilimtukana matusi ambayo hata wewe sikukutukana. Nikamwambia mama yake anaogesha wazee wa watu ili yeye akae darasani, si akae mtaroni. Asubuhi yake sikumwona kitandani. Alikuwa amekodi pikipiki ya muuza nyama, amefunga madebe mawili nyuma, amepita ile kona peke yake. Alirudi mikono ya koti imelowa maziwa, akanawa, akala, akaniambia, bibi, utanifungia chumbani mpaka lini, na debe la mjane bado liko mlangoni?

Kwa hiyo sikuwa natafuta gari la kubebea maziwa. Nilikuwa natafuta chuma cha kumweka mwanao ndani yake. Ndiyo maana nilikigonga kwa ngumi. Nataka ulielewe hili kabla hujaanza kulia, halafu lia.

Na kuna neno hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Hukulisikia siku tulipomzika baba yako, wala mwaka ule nyumba ilipoungua. Nimeshindwa. Kumzuia nimeshindwa, na kumruhusu nimeshindwa. Kama wewe una neno la kumrudisha chuoni, mpigie umwambie, na mimi nitasimama upande wako hata tukilala njaa. Lakini usinitume mimi kulisema. Nimeshalisema mara nyingi sana, halina nguvu tena.

Barua itakapokufikia tutakuwa tumeshaanza. Chiriku alitaka kuyafuta yale maandishi kwenye kioo, alikuja na kisu na mafuta ya taa. Nikamkataza. Nikamwambia yaache hapo hapo. Mtu yeyote atakayelisimamisha ayasome kwanza, ajue gari hili limekuwa likiuzwa miaka na miaka na hakuna aliyelichukua. Alicheka, akasema bibi una wazimu. Kisha akaniuliza kwa nini nimeitia ndoo yangu ya kupandia ndani ya gari.

Msalimie bibi yako huyo, na umpe uji usio wa moto, labda ndio maana anatema. Paka mgongo mafuta kabla ya kulala. Mke wa muuza mbao mpe chai na asikae sana. Kitinda hajatuma salamu, lakini jana, tulipokuwa tunapanga madebe matupu nyuma ya gari, alitoka na mabuti yake, akatutazama, akasema kamba tumeifunga kijinga. Akaifungua, akaifunga upya kwa ule mkono mzima na meno. Halafu akarudi ndani. Nimekuandikia hilo kwa kuwa ndilo jema nililonalo.

Nawe usiwe na hofu kwamba mwanao anapita ile kona peke yake.

Ni mimi mama yako,
wa kiti cha pembeni