Abee Haiko Sokoni

Kwako Shemeji,

Salamu za heshima zikufikie huko Timbwani, wewe na dhamana yako ya korti. Sisi wa Mishomoroni tu wazima. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Nilikuwa natafuta maneno ya adabu, nayo kwa mtu kama wewe ni haba.

Unanitaka nimzuie mjukuu wangu Kadzo asitoe ushahidi dhidi yako, "tuyamalize kifamilia." Basi nikukumbushe familia hiyo. Ulikuwa ukija kila Jumapili, na dada yako, marehemu mke wangu, akikupakulia wali wewe kwanza, mimi mwenye nyumba nikingoja. Ulisifu nazi, ukasifu na mahubiri ambayo hukuyasikia. Jumapili moja niliita, "Kadzo!" naye akaitika toka uani, "Abee, babu!" akaja mbio. Ukafuta midomo, ukasema, "Shemeji, adabu kama hii ina soko. Kuna hoteli inatafuta wasichana."

Nilifurahi, Mungu anisamehe, nikakuachia umchukue. Nilidhani umenisifu mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfunza, kama walimu wa misheni walivyotufunza sisi, kwamba mtoto akiitwa huitika. Kumbe ulikuwa ukikagua bidhaa.

Aliporudi, baada ya mwaka na ushei, nilimwita akanyamaza. Nami, mpumbavu mwenye adabu zangu, nikamkemea mbele ya majirani: "Ukiitwa, itika!" Akajikunyata nyuma ya pipa la maji. Aliyenieleza ni bibi mshauri wa Ziwa la Ng'ombe, anayewauguza nyoyo wasichana waliotoka huko alikotoka Kadzo. Katika nyumba uliyompeleka, ambayo haikuwa hoteli, kila mwanamume aliyekuja kumnunua alimwita kwa jina, naye alilazimishwa kuitika abee.

"Usimwite, mzee," akaniambia. "Bisha hodi, ungoje. Akinyamaza, rudi zako."

Hivyo nikajifunza, uzeeni, kubisha hodi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Siku nyingi nilirudi zangu.

Hata mbu, shemeji, huvuma kabla ya kuuma. Wewe kabla ya kuuma uliombea chakula.

Sasa Kadzo anatengeneza simu katika kibanda kilicho mbele ya nyumba. Juzi aliniita, "Babu!" Nami kwa pupa nikajibu, "Abee!"

Akachungulia toka kibandani. Kisha akacheka, kicheko nilichokwisha kukisahau. "Babu, we! Wanaume huitika naam. Umekuwa ajuza lini?"

"Naam, mwanangu. Niwie radhi."

Ndipo nikamsomea ombi lako, maana si haki yangu kumficha. Akauliza jambo moja tu: "Kortini wataniita jina?"

"Wataita, nawe itakubidi kuitika."

Akafikiri, bisibisi ikiwa mkononi. "Basi nitasema, Nipo."

Hilo ndilo jibu lako. Langu mimi ni dogo: naomba radhi kwa marehemu, kwa kila sahani niliyomwacha akupakulie.

Barua hii anakuletea katekista yule yule aliyeniletea yako. Bahasha sikuifunga, ili aisome kivukoni, na yeyote atakayeketi kando yake. Nimemwomba asingoje majibu.

Kwaheri.

Niliyekuwa shemeji yako,
Babu yake Kadzo