Madoa Kwenye Kitambaa Cheupe

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani wewe, shemeji na watoto? Sisi tupo, tunasukuma siku. Nisamehe mistari inayopanda na kushuka. Nimechoka, na mwandiko nao umechoka.

Naanza na aibu yangu. Nililetewa kazi ya kushona gauni la bibi harusi. Kila nikitandaza kitambaa mezani, naona nyuzi nyeusi na vidoa. Nikapangusa, nikapuliza, wapi! Nikakirudisha kwa Bei Moja, yule muuza vitambaa asiyepunguza hata kwa mama yake. Akanibadilishia. Cha pili nacho kilikuwa vilevile, nikamwambia mbele za watu kuwa ananiuzia uchafu. Badala ya kugomba, akaniomba nitazame ukuta wake mweupe. Ukuta nao ulikuwa na madoa. Alifunga duka, akanipeleka hospitali mwenyewe.

Daktari alinitia matone ya kupanua mboni, akamulika. Kisha akaniambia damu imevuja ndani ya jicho la kulia, nayo ndiyo madoa ninayoyaona. Alisema vyanzo ni vingi: pigo la kichwani, presha, mshipa kuziba, sukari. Akauliza kwa upole kama mume wangu hunipiga. Nilicheka, maskini, mtu mwenyewe humkimbia jogoo! Presha ilikuwa sawa. Sukari ndiyo iliyokutwa juu, na kumbe hukaa mwilini miaka bila kupiga hodi, ikiharibu vijishipa vya macho taratibu. Watanichoma jichoni kwa mwanga mkali kuzuia damu isiendelee kuvuja, lakini nilichopoteza huenda kisirudi. Gauni amelimalizia fundi mwingine. Inaniuma, sikufichi. Cherehani nimeifunika shuka.

Lakini sikuandika kwa ajili ya jicho langu. Daktari aliuliza kama nina ndugu, kwa kuwa sukari hutembea katika ukoo, nami nikaikumbuka barua yako ya mwisho. Ulisema umemfukuza binti wa kazi kwa sababu hajui kusafisha vioo, kila dirisha lina michirizi myeusi hata akisugua vipi. Nilipoipokea nilikuunga mkono. Jana nimeisoma tena, nikalia.

Mdogo wangu, vioo vyako ni safi. Nenda ukapimwe sukari na macho, usingoje wiki iishe. Kisha mtafute yule binti umtake radhi.

Nibusie watoto. Barua yako nitaipokea kwa furaha, lakini anza na majibu ya daktari.

Ni mimi dada yako,
Fundi