Pale Kwa Zuwena

Jumamosi, 4 Novemba 1995
Wadi ya Al Qabil, bonde kavu la mawe, siku ya tatu ya kazi. Gari, daftari, thamosi ya kahawa. Ofisi ya ramani inataka jina la kila jiwe kabla barabara mpya haijachimbwa. Ami Khalfan anataja, mie naandika. Ni kaka yake marehemu baba, aliyebaki huku kwao babu alipohamia Unguja. Hajui Kiswahili, na Kiarabu changu chamchekesha. Na acheke. Goti linamuuma, hashuki garini.

Jumapili, 5 Novemba
Leo nimetaja jina kabla yake. Umm Sidra. Khalafu Hajar al-Ghurab, jiwe la kunguru. Ami kanikodolea macho. Huku mie sijapata kuja kabla ya kazi hii! Nimefikiri mpaka kichwa kikaniuma, ndipo nikakumbuka: shamba la babu, Dole, kule Unguja. Kila pembe ya mikarafuu aliipa jina la kwao.

Jumatatu, 6 Novemba
Kule Dole, hatua arubaini kutoka Hajar al-Ghurab, kuelekea kibla, palikuwa Kwa Zuwena. Babu hakupanda kitu pale. Ukikanyaga, bakora. Leo nimemuuliza Ami: na huku pako? Kahawa ikammwagikia. "Pale hapana jina. Acha tupu."
Nimetazama ramani. Mstari wa barabara unapita papo hapo.

Jumanne, 7 Novemba
Ami nimemwacha kwake. Nimekwenda peke yangu, adhuhuri. Hatua arubaini. Uwanja mtupu, hauna hata kokoto. Mbuzi wakifika wanauzunguka. Katikati bakuli la bati, limejaa maji. Nimetia kidole. Baridi, na jua lile! Mie, mama wa watoto watano, nimekimbia mpaka garini. Sioni haya kusema.
Nikamwambia Ami aache kunitisha na bakuli lake. Akalia. Bakuli ni lake kweli, lakini kwa goti lile, toka Ramadhani hajaweza kufika kule kulijaza.
Yarabi.

Jumatano, 8 Novemba
Kasema yote. Zuwena dada yake, miaka tisa, homa. Walimzika pale. Baada ya wiki mchunga mbuzi akaapa kamwona anatembea wadini. Watu wakasema hakufa, wachawi wamemchukua, kilichozikwa ni gogo. Babu akang'oa mawe ya kaburi, mtoto asije akarudi akakuta amezikwa. Akamwekea maji. Dole akamwachia nafasi vilevile, pengine wamempeleka ng'ambo. Huku Ami ndiye aliyejaza bakuli, miaka sabini.
Ofisi hukwepa makaburi tu. Nikiandika kaburi, namuua dada yake. Nisipoandika, katapila litampitia juu. Sijui nifanye nini. Namchukia babu.

Alhamisi, 9 Novemba
Huku ni siku ya mapumziko. Ami kaniita mwenyewe. Nimemshika mkono, hatua arubaini, kila hatua anaguna. Akasimama. Akamsomea dada yake Fatiha, kama asomewavyo maiti, mara ya kwanza maishani mwake.
"Andika, mwanangu."
Nimeandika: Kaburi la Zuwena.

Jumamosi, 11 Novemba
Nimepeleka ramani ofisini. Nimepita kumwekea Zuwena mawe matatu ya kaburi, kama wawekewavyo wanawake huku. Mbuzi wanakatiza katikati. Bakuli kavu, lina vumbi. Nimeliosha, nimemrudishia Ami.
Akalitia maji, akanywa.